Dhoruba Ijayo kwa Nyuma: Mikondo ya Umeme Katika Mkia wa Sumaku wa Dunia

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee, walimu na vijana, Mbamba Bay, Wilaya ya Nyasa)





Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu aliyetuwezesha kukutana jioni hii kando ya ziwa letu. Nimeombwa nizungumze juu ya dhoruba za sumaku zinazotokea nje ya anga yetu. Najua kwamba kwa mvuvi anayewaza wavu wake, au mkulima wa kahawa aliyeteremka kutoka Mbinga, jambo hili laonekana liko mbali mno. Kwa hiyo naomba nianze na jambo lililotokea jirani.

Mwezi wa Agosti 1914, katika ghuba ya Liuli ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, meli yao iitwayo Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu ili itengenezwe. Nahodha wake hakuwa na habari kwamba vita vimekwisha kuanza Ulaya. Meli ya Waingereza iitwayo Guendolen ikatokea ziwani na kupiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani na yule wa Kiingereza walikuwa wakifahamiana, na yasemekana Mjerumani alikwenda kulalamika kabla ya kuambiwa kwamba sasa yeye ni mateka. Meli zote mbili zilielea katika ziwa moja. Tofauti yao ilikuwa kwamba habari ilimfikia mmoja na haikumfikia mwingine.

Ndugu zangu, dhoruba nitakayoisema leo nayo ina namna hiyo. Humfikia mtu asiyeitazamia, tena kwa upande asioutazamia. Wengi wetu tumezoea kusikia kwamba Jua hulipuka na kuipiga Dunia. Maneno hayo si ya uongo, lakini hayajakamilika. Sehemu kubwa ya nguvu za dhoruba haitupigi usoni, upande wa mchana. Hupita kando yetu, hujikusanya nyuma yetu gizani, kisha huturudia kutoka upande wa usiku. Nia yangu ni kueleza jinsi marudio hayo yanavyotokea, na kwa nini yatuhusu sisi wa pwani ya Nyasa.

Ngao na mkia wake

Mbali na mwanga na joto, Jua hutoa daima chembe ndogo mno zenye umeme, yaani protoni na elektroni. Mtiririko huo huitwa upepo wa jua. Siku za kawaida hukimbia kiasi cha kilomita 400 kwa kila sekunde, na baada ya milipuko mikubwa huweza kupita kilomita 1,000. Kutoka Jua hadi hapa ni kilomita milioni 150, hivyo wingu la mlipuko huchukua kwa kawaida kati ya siku moja na siku nne kutufikia. Mojawapo ya yaliyokuja upesi sana ni lile la mwaka 1859. Tarehe 1 Septemba ya mwaka huo Mwingereza Richard Carrington aliona mwako wa ghafla juu ya uso wa Jua, na baada ya saa zipatazo 17 na nusu sumaku ya Dunia nzima ikatikisika.

Dunia yetu ni sumaku, na kwa sababu hiyo dira huonyesha kaskazini. Nguvu ya sumaku hiyo hupimwa kwa kipimo kiitwacho nanotesla, na katika sehemu zetu hizi ni kati ya nanotesla 30,000 na 35,000. Siku ile ya 1859, kipimo kilichokuwa Bombay, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, kilionyesha nguvu hiyo ikishuka kwa karibu nanotesla 1,600. Tangu hapo haijapatikana rekodi nyingine ya mshuko mkubwa namna hiyo katika nchi za joto.

Sasa hebu tutazame umbo la ngao hii. Nani kati yetu hajaona jiwe kubwa lililosimama katikati ya Mto Ruhuhu? Maji yanapolifikia hujaa mbele yake, kisha hugawanyika kupita kulia na kushoto, na nyuma ya jiwe huachwa mkia mrefu wa maji. Hivyo ndivyo sumaku ya Dunia inavyosimama katika upepo wa jua. Mbele, upande wa mchana, husukumwa na kubanwa hata mpaka wake ukawa umbali wa kilomita 65,000 hivi kutoka kiini cha Dunia. Nyuma, upande wa usiku, huvutwa ikawa mkia. Mkia huo huupita Mwezi, ulio umbali wa kilomita 384,000, na kuendelea mbele zaidi. Chombo kiitwacho Geotail, kilichorushwa mwaka 1992 kwa ushirikiano wa Japani na Marekani, kiliufuata na kuukuta bado upo zaidi ya kilomita milioni moja nyuma yetu.

Mkondo upitao mkiani

Mkia huu una sehemu mbili, ya kaskazini na ya kusini. Katika sehemu ya kaskazini mistari ya sumaku huelekea Dunia, na katika ile ya kusini huelekea mbali na Dunia. Mielekeo miwili inayopingana haiwezi kukaa bega kwa bega bila kitu katikati, na sheria za umeme zatufundisha kwamba kitu hicho ni mkondo wa umeme. Kwa hiyo katikati ya mkia limetandikwa tabaka pana la chembe zenye joto kali, na ndani yake umeme hupita kutoka upande wa alfajiri kwenda upande wa machweo, ukikata mkia kwa upana. Jambo hilo lilithibitishwa kwa vipimo vya chombo Explorer 18, kilichorushwa Novemba 1963, na mwanasayansi wa Kimarekani Norman Ness ndiye aliyelieleza.

Je, mkondo huo una ukubwa gani? Nguvu ya sumaku katika sehemu hizo mbili za mkia ni kiasi cha nanotesla 20 tu, ambayo ni ndogo sana ukiilinganisha na yetu ya hapa. Lakini ukipiga hesabu, utaona kwamba kila kilomita moja ya urefu wa mkia hupitisha kiasi cha ampea 30. Kipande chenye urefu wa kilomita 6,400, ambao ni umbali kutoka hapa tulipo hadi kiini cha Dunia, hupitisha ampea kama 200,000. Nyumba ya kawaida hutosheka na ampea zisizofika 60. Tena hapo ninazungumzia siku tulivu.

Manati inapovutwa na kuachiwa

Vijana wetu wote wanaijua manati. Mpira ukivutwa, nguvu za mkono hukaa ndani ya mpira bila kuonekana. Ukiachiwa, nguvu hizo hutoka mara moja. Mkia wa sumaku hufanya kazi namna hiyo hiyo.

Upepo wa jua nao hubeba sumaku yake. Sumaku hiyo ikielekea kaskazini, ngao yetu hubaki imefungwa na mambo huwa shwari, hata upepo ukiwa mkali. Ikielekea kusini, hukutana na mistari ya Dunia yenye mwelekeo wa kinyume. Hapo mistari ya pande mbili hukatika na kuungana upya, ya Jua kwa ya Dunia. James Dungey wa Uingereza ndiye aliyeeleza jambo hili mwaka 1961, na leo linakubaliwa na wanasayansi kuwa mlango mkuu wa dhoruba. Mistari iliyounganishwa upande wa mchana huburutwa na upepo kupita juu ya ncha za Dunia, ikarundikwa mkiani. Nguvu huendelea kuingia, na mpira unavutwa.

Wakati huo mambo matatu hutokea katika mkondo wa mkia. Kwanza, umeme wake huongezeka, kwa sababu sumaku ya pande mbili imeongezeka. Pili, lile tabaka linalobeba umeme hubanwa. Unene uliokuwa wa makumi ya maelfu ya kilomita huweza kupungua ukawa kilomita elfu chache, au hata chini ya hapo. Tatu, ukingo wa mkondo ulio karibu nasi huzidi kusogea. Katika utulivu huwa kiasi cha kilomita 60,000 kutoka kiini cha Dunia. Katika dhoruba husogea hata kufika jirani na zilipo setilaiti za televisheni, zile zilizowekwa kilomita 36,000 juu ya ikweta, ambazo madishi ya nyumba zetu huzielekea.

Tabaka likisha kuwa jembamba kupita kiasi, mistari iliyovutwa hukatika na kuungana upya mle mkiani, kwa kawaida umbali wa kilomita 130,000 hadi 200,000. Upande wa mbali hutupwa nje angani. Upande wa karibu hurudi kwa kishindo kuelekea Dunia, ukisukuma mbele yake chembe zenye moto. Sehemu ya mkondo uliokuwa ukikata mkia hukosa njia yake. Umeme hauwezi kusimama hewani, hivyo hutafuta njia nyingine. Huteremka kwa kufuata mistari ya sumaku hadi anga ya juu karibu na ncha za Dunia, hupita huko kilomita 100 hivi juu ya ardhi, kisha hupanda tena kurudi mkiani. Hapo ndipo watu wa nchi za baridi huona mianga ya rangi ikicheza usiku. Kila tukio kama hili hudumu saa moja hadi tatu, na katika dhoruba kubwa hufuatana moja baada ya jingine.

Kwa miaka mingi wataalamu walibishana kuhusu mahali linapoanzia. Wengine walisema mkondo huvurugika kwanza karibu na Dunia, wengine wakasema mistari hukatika kwanza huko mbali. Mwaka 2007 Marekani ikarusha vyombo vitano kwa pamoja, viitwavyo THEMIS, na kuvipanga safu moja mkiani. Tarehe 26 Februari 2008 vikashuhudia mistari ikikatika umbali wa karibu kilomita 130,000. Baada ya dakika moja na nusu hivi mianga ikawaka kaskazini, na mvurugiko wa karibu na Dunia ukafuata. Tukio moja halikumaliza ubishi wote, lakini lilionyesha faida ya kupima mahali pengi kwa wakati mmoja badala ya kukisia.

Mto na ziwa

Sasa nafikia kiini cha maneno yangu. Zile chembe zilizosukumwa kutoka mkiani hazirudi zilikotoka. Zikifika karibu na Dunia hunaswa na sumaku yake, zikaanza kuizunguka. Zenye umeme chanya huzunguka kuelekea magharibi, na elektroni kuelekea mashariki. Matokeo yake ni mkondo mwingine wa umeme, ulioizingira Dunia kama pete, umbali wa kilomita 20,000 hadi 50,000 hivi. Katika dhoruba kubwa chembe za oksijeni zilizopanda kutoka anga yetu wenyewe huwa sehemu kubwa ya pete hiyo. Hivyo Dunia nayo huchangia mzigo unaoielemea.

Basi tunayo mikondo miwili, ule wa mkia na ule wa pete. Wavuvi watanielewa nikisema kwamba mmoja ni kama Mto Ruhuhu na mwingine ni kama Ziwa Nyasa. Mvua kubwa ikinyesha milimani, mto hufurika upesi, na mvua ikikatika hushuka upesi. Ziwa halina haraka. Hupanda polepole, na likisha kupanda hukaa juu muda mrefu baada ya mto kupungua. Ndivyo ilivyo katika dhoruba. Mkondo wa mkia huongezeka kwanza na hupungua kwanza. Mkondo wa pete hukua polepole na hudumu kwa siku kadhaa, mpaka chembe zake zipoteze umeme wao kwa kugongana na hewa nyepesi iliyotanda huko juu.

Ukubwa wa dhoruba hupimwa kwa namba moja iitwayo Dst, iliyopangwa na Mjapani Masahisa Sugiura mwaka 1964. Hupatikana kutokana na vituo vinne vilivyo mbali na ncha za Dunia: Hermanus huko Afrika Kusini, Kakioka huko Japani, Honolulu na San Juan. Sumaku ikishuka nanotesla 50 hadi 100, dhoruba huitwa ya wastani; ikishuka zaidi ya 100, huitwa kali. Kwa muda mrefu namba hiyo ilisomwa kana kwamba inapima mkondo wa pete peke yake. Lakini mkondo wa mkia nao, kwa kuwa upande wa usiku hupita kuelekea magharibi, hupunguza sumaku ya hapa chini vilevile. Ni kama kusimika mti wa kupimia maji pale mto unapoingia ziwani. Utakuambia maji yamepanda, lakini hautakuambia maji hayo ni ya mto au ya ziwa.

Mwaka 2004 mwanasayansi Natalia Ganushkina na wenzake walijaribu kutenganisha hesabu hizo. Wakaona kwamba katika dhoruba za wastani mchango mkubwa zaidi ni wa mkia, na katika dhoruba kali pete ndiyo inayotawala. Hii si tofauti ya vitabuni tu. Anayetaka kujua dhoruba itakwisha lini hana budi kujua kwanza ni mkondo upi unaoibeba. Ya mto hupita kwa saa, na ya ziwa hukaa kwa siku.

Chombo kilichorushwa kutoka pwani yetu

Huenda kijana mmoja akauliza moyoni: haya yote ni kazi ya wageni, sisi tumo wapi? Jibu lipo, nalo liko karibu na Malindi. Katika bahari ya pwani ya Kenya Waitaliano walisimamisha jukwaa liitwalo San Marco, na kutoka hapo roketi zilirushwa kuanzia miaka ya 1960 hadi mwaka 1988. Tarehe 15 Novemba 1971 kilirushwa hapo chombo cha Marekani kiitwacho Explorer 45, na kazi yake ilikuwa hasa kuchunguza mkondo wa pete na dhoruba za sumaku.

Pwani ya Kenya ilichaguliwa kwa sababu mkondo wa pete hupita juu ya ikweta. Chombo kinachorushwa jirani na ikweta huweza kuingia katika mkondo huo moja kwa moja na kuupita tena na tena. Explorer 45 kilipanda hadi kilomita 27,000 hivi na kushuka kila baada ya saa zisizofika 8. Mwezi uliofuata tu, Desemba 1971, dhoruba ilipotokea, kilikuwa ndani yake kikihesabu chembe. Basi sehemu ya elimu niliyowaeleza usiku huu ilianzia safari yake katika maji ambayo wavuvi wa Kiswahili huyavua kila siku. Baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, waliweka vipima-sumaku kando ya mashariki ya Afrika, Dar es Salaam ikiwemo. Mahali tumepewa. Kilichobaki ni watoto wetu kuisoma hesabu.

Yatuhusu nini hapa Nyasa?

Kwanza niseme lisilotuhusu. Mianga ya rangi hatutaiona hapa, kwa kuwa sisi ni wa karibu na ikweta. Dira ya sumaku nayo haitatupoteza ziwani. Hata dhoruba ya nanotesla 400, kwa kulinganisha na nguvu ya sumaku yetu, haiwezi kuigeuza sindano kwa zaidi ya takriban digrii moja. Simu ya mkononi huzungumza na mnara ulio jirani, na mawimbi hayo hayahitaji kupita anga ya juu.

Lakini ramani iliyo ndani ya simu hiyo, na kifaa cha GPS kilichomo katika boti, husikiliza setilaiti zilizo kilomita 20,000 juu yetu. Mawimbi yake hupenya tabaka la anga lenye umeme, na mikondo ya dhoruba hulivuruga tabaka hilo. Nchi zetu zilizo pande mbili za ikweta ya sumaku, ambayo kwa upande wetu hupita Ethiopia, ziko chini ya sehemu ambazo tabaka hilo ni nene kuliko popote. Dhoruba ya tarehe 10 na 11 Mei 2024 ilishusha sumaku zaidi ya nanotesla 400, na huko Marekani wakulima wengi walisimamisha upandaji kwa sababu matrekta yao yanayoongozwa kwa GPS yalikosa mstari. Mkulima akipotea hatua chache huharibu tuta. Mvuvi akipotea usiku, ziwa likiwa limechafuka, huweza kukosa nchi kavu. Redio za masafa mafupi nazo, ambazo wazee wetu walizitegemea kwa habari, hutegemea tabaka hilo hilo kurudisha sauti chini.

Pili, umeme. Mwaka 2018 Songea iliunganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, yenye urefu wa kilomita zipatazo 250. Ni neema kubwa kwa mkoa wetu uliokuwa ukitegemea majenereta ya dizeli. Lakini sumaku ya Dunia inapobadilika kwa haraka huzalisha umeme ndani ya kila waya mrefu. Tarehe 13 Machi 1989 mkoa wa Quebec huko Kanada ulizimika, na watu milioni 6 wakakaa gizani kwa karibu saa 9. Mtu aweza kusema kwamba huko ni karibu na ncha ya Dunia. Ni kweli kwamba huko hatari ni kubwa zaidi kuliko kwetu. Hata hivyo, baada ya dhoruba za Oktoba na Novemba 2003, transfoma kadhaa za Afrika Kusini zilikutwa zimeharibika, na Afrika Kusini si nchi ya barafu. Kadiri njia zetu za umeme zinavyorefuka na kuunganishwa na za jirani, ndivyo mafundi wetu wanavyopaswa kulijua jambo hili.

Tena dhoruba za wastani zisidharauliwe. Mwezi wa Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49. Dhoruba ambayo haikuwa kubwa ikaipasha joto anga ya juu, hewa ikavimba, na setilaiti 38 zikaanguka.

Tusizue na tusipuuze

Ndugu wapendwa, elimu ya namna hii ina adui wawili. Wa kwanza ni kuzua. Siku moja tu baada ya dhoruba ile ya Mei 2024, yaani tarehe 12 Mei, intaneti ilizorota vibaya katika Afrika Mashariki, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Ingekuwa rahisi sana kusema kwamba Jua limetukatia mawasiliano. Lakini uchunguzi ulionyesha kwamba nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikuwa zimekatika karibu na Afrika Kusini. Mambo mawili kufuatana hakumaanishi kwamba la kwanza limezaa la pili. Tunakumbuka kwamba siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa sababu ya kifo hicho. Mtume mwenyewe, akiwa katika huzuni ya kufiwa, aliwakataza kuamini hivyo. Tarehe 1 Septemba 2016 kupatwa kwa jua kulionekana kusini mwa nchi yetu, na watu wakamiminika Rujewa kutazama kwa furaha badala ya hofu. Huo ndio mwenendo unaofaa.

Adui wa pili ni kupuuza. Vyombo vimewekwa kilomita milioni 1.5 mbele yetu kuelekea Jua, navyo huonja upepo kabla haujatufikia na kutupa onyo la robo saa hadi saa moja. Huko Hermanus, Afrika Kusini, kipo kituo kinachofuatilia hali hiyo kwa ajili ya bara letu. Onyo lipo, ila onyo lisilofika ufukweni ni sawa na lile lililokosa kufika Liuli mwaka 1914.

Kwa hiyo nausia mambo matatu. Mvuvi na nahodha wasitegemee kifaa kimoja. GPS ni msaada mwema, lakini kando yake iwepo dira, na kijana ajue vilima na nyota kama wazee walivyozijua. Walimu wa fizikia katika shule zetu, wanapofundisha sumaku na umeme, wafundishe pia kwamba sheria ile ile inayozungusha feni darasani ndiyo inayopitisha mamilioni ya ampea nyuma ya Dunia. Na wale wenye kushika redio na mitandao ya habari za hali ya hewa kwa ajili ya vyombo vya ziwani, waiongeze dhoruba ya sumaku katika orodha ya yale wanayoyatangaza.

Usiku huu mtakaporudi nyumbani, anga juu ya ziwa litakuwa kimya. Hakuna sikio litakaloisikia mikondo ile, wala jicho litakaloiona. Hata hivyo ipo. Mkia umenyoshwa nyuma yetu kupita Mwezi, umeme unaukata kutoka alfajiri kwenda machweo, na mpira wa manati huvutwa na kulegezwa kila siku. Tukizipata habari zake mapema, hautatukuta kama nahodha wa Liuli, tumekaa ufukweni huku hatari ikija kutoka upande tusioutazama.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na awarudishe salama wote walioko ziwani usiku huu. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.